Kabla Hatujatoa Vitabu Rafuni

Walimu, wakutubi wenzangu na wazazi mliofika: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali linaloulizwa sasa katika shule na maktaba nyingi ndogo hapa Mwanza. Je, tuondoe vitabu vya karatasi, tununue vishikwambi, na vitabu vyote tuviweke humo? Jibu nalitoa mapema. Vingine viondoke, vingi vibaki, na cha kupimia ni hiki: miaka 20 ijayo kitabu hicho kitakuwa mikononi mwa nani?

Vya kiada havinisumbui. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na rafu zetu bado zimejaa vitabu vya mtaala uliopita. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vyake vya kiada, vinasomwa bila malipo. Walimu wengi wana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Wanafunzi watano kubanana juu ya kitabu kimoja kilichonyofoka majani, wakati maandishi yaleyale yanaweza kusomwa kwenye kioo, ni kuwaonea watoto. Hapo sina ubishi.

Ila angalieni aina ya faili. PDF ina ukurasa usiobadilika. Kwenye simu ya kawaida herufi zinakuwa ndogo mno. Ukizikuza, mstari unatoka nje ya kioo, unausukuma kushoto uumalize, unaurudisha uanze mwingine, hivyo hivyo mpaka kichwa kinauma. EPUB hupanga maneno upya kufuata upana wa kioo. Kwa riwaya na hadithi tafuteni EPUB. PDF iwe ya vitabu vya michoro na hesabu.

Sasa kwenye kununua, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa fedha ni za shule. Ukilipia kitabu kwenye duka kubwa la mtandaoni, mara nyingi unachopewa ni leseni, yaani ruhusa ya kusoma. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Wateja wakarudishiwa fedha, kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Huko nako fedha zilirudishwa. Lakini shule iliyokwisha kugawa vitabu vyake vya karatasi, fedha hizo ingezirudisha rafuni kwa njia gani? Kitabu cha karatasi ukishakilipia ni chako. Unaazimisha, unarithisha, unapanda nacho kivuko mpaka Nansio kule Ukerewe, na aliyekuuzia hana njia ya kukifuata. Basi kabla ya kusaini mkataba wowote wa vitabu vya kielektroniki, muulizeni muuzaji kama faili linaweza kunakiliwa kwenye kifaa kingine, kama mnaruhusiwa kuazimisha, na kama vitabu vitaendelea kufunguka mkishindwa kulipa mwaka unaofuata. Akijibu kwa kuzungukazunguka, msisaini.

Kuhusu kuchagua vya kuondoa, fungueni jalada la nyuma. Pale pana karatasi ya mihuri ya tarehe za kurudisha. Kitabu ambacho muhuri wake wa mwisho ni wa miaka mingi nyuma kinaonekana kama mzigo, na wengi huishia hapo. Mimi nasema msiishie hapo. Karatasi ile haiandiki wasomaji wanaokaa mezani, wakasoma kurasa mbili na kukirudisha rafuni. Kamusi, ramani na vitabu vya historia ya eneo husomwa hivyo. Kwa muhula mmoja waombeni wasomaji waache vitabu mezani, ninyi mkavihesabu kila jioni, halafu ndipo mwamue.

Na vipo ambavyo haviondoki hata visipoazimwa kabisa. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa miaka 35 kazi ile ilikuwa karatasi tu, na karatasi zikangoja. Faili lililohifadhiwa kwenye disketi mwaka 1990, leo mtalifungulia wapi? Karatasi ina maadui wake, mchwa na unyevunyevu wa ziwa tunavijua, lakini ikikaa pakavu haidai nenosiri wala programu mpya.

Kanda hii ina karatasi nyingi za namna hiyo. Victoria Federation of Co-operative Unions, ule ushirika mkubwa wa pamba wa mwaka 1955 uliohusishwa sana na Paul Bomani, uliacha ripoti, barua na vitabu vya hesabu. Viko vijitabu vya Kisukuma na Kikerewe vilivyochapwa nakala chache. Msitegemee kuvikuta kwenye duka la mtandaoni. Hivi tuviskani sisi wenyewe, tena kwa upole: msikate mgongo wa kitabu, kiwekeni mezani karibu na dirisha, simu ikae juu kwenye stendi, ukurasa mmoja mmoja. Programu ya kugeuza picha kuwa maandishi hukosea, herufi r na n zikibanana huzisoma m, na alama ya ng' huiangusha. Kwa hiyo lazima mtu asome tena akilinganisha na asilia. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya jengo. Na tuheshimu sheria: hakimiliki ya 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo kilicho chini ya ulinzi huo tuombe ruhusa kwanza.

Mwenye daftari la chama cha msingi au barua za ushirika kwenye sanduku la babu, azungumze nami tukitoka hapa. Tutaskani akiwa amekaa palepale, na karatasi zake ataondoka nazo.