Inchi Nne za Morris Minor

Kila ninaposimama kuzungumzia magari madogo ya Uingereza, mkono wa kwanza kuinuliwa huuliza habari za Mini. Mini tuiache leo. Ilitoka 1959, imesifiwa na inaendelea kusifiwa. Nimekuja kulitetea gari lililoitangulia kwa miaka 11, kazi ya mhandisi yuleyule Alec Issigonis, gari la kwanza la Uingereza kufikisha milioni moja: Morris Minor. Hoja yangu mnaijua wengi wenu, na nitairudia mpaka ieleweke. Tangu siku ya kwanza bodi ya Minor ilikuwa bora kuliko injini yake. Historia ya modeli zake zote ni injini kuhangaika kuifikia bodi.

Twendeni kiwanda cha Morris, Cowley, Oxford, mwishoni mwa 1947. Gari la majaribio linaitwa Mosquito. Issigonis na wenzake, Jack Daniels na Reg Job, wamelihangaikia tangu wakati wa vita. Uzalishaji uko mlangoni, bampa zimekwishatengenezwa. Issigonis analitazama, haliridhii. Jembamba mno, upana na urefu wake havichukuani. Akaagiza likatwe. Sikilizeni vizuri: likatwe katikati, kutoka pua hadi mkia, liwe vipande viwili! Vipande vikaachanishwa kidogo kidogo, yeye amesimama anatazama, mpaka jicho lake liliporidhika. Wakapima pengo: inchi 4, sentimita 10 hivi.

Atasimama mtu aseme huo ni urembo tu. Hapana, ndugu yangu. Gari likipanuka, magurudumu nayo yanaachana zaidi, na gari linatulia kwenye kona. Abiria nao wanapata pa kuweka mabega. Inchi hizo 4 ni uhandisi, hata kama zilipatikana kwa jicho.

Tena ushahidi upo hadi leo. Ukiikuta Minor popote, itazame boneti yake: kuna utepe bapa unaopita katikati, kama shati lililotiwa kipande baada ya mwenyewe kunenepa. Huo ndio upana ulioongezwa. Sakafuni waliongeza inchi 2 kila upande wa handaki la shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Na zile bampa? Uingereza iliyotoka vitani haikuwa nchi ya kutupa chuma. Zilikatwa katikati zikaungwa kwa kipande, na Minor za mwanzo utazitambua kwa kiungo hicho. Nani leo angethubutu kulikata gari ambalo kiwanda kizima kinalisubiri? Na hayo yote chini ya tajiri wa Morris, Lord Nuffield, asiyelipenda gari hilo. Inasimuliwa kwamba alilifananisha na yai lililopikwa bila ganda.

Sasa injini, maana hapo ndipo ninapokasirika. Issigonis alitaka injini mpya yenye pistoni za kulala, mbili kila upande. Gharama na muda vikaizuia. Gari lilipotoka kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court, London, Oktoba 1948, lilikuwa na injini ya Morris Eight ya kabla ya vita: valvu za pembeni, mtindo wa kizamani, sentimita za ujazo 918, nguvu ya farasi 27 hivi. Wakati huohuo chini kuna stelingi ya raki, yaani chuma chenye meno, mbele kuna vyuma virefu vinavyojisokota badala ya springi za kawaida, magurudumu madogo ya inchi 14 yamesukumwa pembeni kabisa, na injini imewekwa mbele sana ili gari lishike njia. Dereva wa kawaida akapata gari linalomtii kwenye kona, jambo ambalo magari ya bei yake hayakulizoea.

Mtaniambia Volkswagen Beetle ziliuzwa zaidi ya milioni 21, Minor milioni 1.6 tu. Ni kweli. Lakini Volkswagen waliling'ang'ania gari lao moja mwaka hadi mwaka. Austin na Morris walipoungana 1952 wakawa BMC (British Motor Corporation), kampuni moja ikabaki na magari madogo mawili, Minor na Austin A30, yakigombea mteja mmoja. Hilo si kosa la gari!

Modeli nitazipitia mbiombio, saa hairuhusu. Muungano ulileta injini ya A30: valvu za juu, lakini ujazo 803 tu, kwa hiyo bado gari dhaifu mlimani. 1953 zikaja pikapu, gari la mizigo na Traveller, ile yenye fremu ya mbao nyuma. 1956 ikatoka Minor 1000, injini 948, na kioo cha mbele kikawa kimoja kilichopinda badala ya viwili. Hapo gari likaanza kupumua. 1962 likapata injini ya 1098. Miaka 14, mabibi na mabwana, bodi ikisubiri injini inayoistahili! Lenye paa la turubai lilikoma 1969, saluni 1970, Traveller 1971.

Magari ya Posta yenye madigadi ya mpira nayaruka. Kuhusu Traveller nasema hili tu, kwa anayetaka kununua: zile mbao za nyuma si pambo, ndizo zinazoibeba sehemu hiyo ya bodi. Hadi 2018, magari haya yalipokuwa bado yanakaguliwa kwa lazima Uingereza, yenye mbao zilizooza hayakupita. Anza kukagua mbao. Injini utaiangalia baadaye, vipuri vyake vinapatikana.