Mwachieni Mtoto Kipanya

Waalaykum salaam. Kaeni, kaeni. Walio nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi mtu. Nimepewa nusu saa, na aliyenipa ananijua, ndiyo maana kakaa pale na saa yake mkononi.

Wengi wenu hili mmeshalisikia. Hapa kwetu Pemba, Wete nimelisema, Mkoani nimelisema, leo Chake nalirudia. Mtoto hajui kufungua programu kwenye kompyuta kwa sababu hajawahi kufungua programu. Amefunguliwa. Mwalimu kashika kipanya, mwalimu kabofya, mwalimu kauliza "mmeona?", na darasa zima likaitikia "tumeonaaa!" Wameona nini? Wameona mgongo wa mwalimu.

Bibi yangu alikuwa akisuka mikeka. Aliponifundisha ukili, ule mkanda wa kushonea mkeka, hakuniambia nimtazame mikono. Alinipa miyaa, majani ya kusukia, nikaanza, nikapotoa. Akaufumua, akanirudishia. Hasemi neno. Nikapotoa tena, akafumua tena, akanirudishia tena. Siku ya nne ukili ukanyooka, naye akainuka kwenda kutazama chungu chake jikoni kama kwamba hakuna lililotokea. Bibi hakuingia skuli hata siku moja. Na sisi walimu wa kompyuta, mimi nikiwamo, kufumua tunajua sana. Kurudisha ndiko kunatushinda. Tukishafumua, tunamalizia wenyewe.

Sasa kisa. Mnaokijua nivumilieni, bado kinanikera.

Niliitwa skuli moja, siitaji, nikaletewa mtoto wa kike wa darasa la tano. Mwalimu wake akanambia mbele yake, "Huyu hafundishiki, kila siku anaharibu majina." Majina gani? "Utaona." Nikamkalisha mtoto, nikamwambia afungue programu ya kuchorea. Akauleta mshale kwenye ikoni, kile kipicha cha programu, juu ya jina lake, vizuri tu. Akabofya. Akavuta pumzi. Akabofya tena. Jina lililo chini ya ile ikoni likageuka buluu. Mtoto akaingiwa na hofu, vidole vikaangukia kibodi, na programu ya kuchorea tangu saa ile ikaitwa "jjjj". Mwalimu akasema, "Umeona?" na mkono wake ushafika kwenye kipanya.

Nikamwambia, "Mwalimu, kalia mikono yako." Akadhani mzaha. Nikamsubiri mpaka akaikalia.

Maana mtoto hakuharibu kitu, jamani! Kompyuta inahesabu muda. Windows ikiwa haijabadilishwa inakupa nusu sekunde baina ya bofyo la kwanza na la pili. Ukibofya mara moja, umechagua. Ukibofya mbili za haraka, unafungua. Ukibofya mbili za taratibu juu ya jina, mashine inafahamu unataka kulibadilisha hilo jina. Mtoto aliambiwa "bofya mara mbili", naye akabofya mara mbili. Mashine ikatii, mtoto akatii. Mwalimu ndiye aliyesahau kusema "haraka", kisha kosa akambandika mtoto.

Nikamwambia binti, bofya mara moja, uache. Sasa bonyeza kile kitufe kikubwa cha kuingizia, kile chenye mshale uliopinda. Programu ikafunguka. Akageuka akanitazama kama aliyekamatwa na embe la jirani. Nikamwambia ifunge, ufungue tena. Akafunga, akafungua. Mara kumi na moja, nilihesabu. Mwalimu huku anahangaika, kipindi kinakwisha, na kwa vile mikono kaikalia, mdomo unamwasha. Baadaye ndipo nikamfundisha lile bofyo la haraka: nikamwambia abishe hodi kama mwenye mvua nyuma yake. Ko-ko! Siku ile ile akaweza.

Na kitufe cha kulia cha kipanya, kinacholeta orodha ndefu mtoto asiyoiomba, mimi nina dawa yake. Cha kushoto nakipaka rangi ya kucha. Mnacheka, lakini kipanya cha mwanzo kabisa, alichokibuni Douglas Engelbart kule Marekani miaka ya 1960, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Hivi vya pili na vya tatu tumeongezewa. Mtoto anaanza na kimoja, chekundu.

Naona mzee wangu wa kofia pale anatikisa kichwa. Najua asemalo: "Mtoto ukimwachia, anacheza karata." Acheze! Windows ya 1990 ilikuja na mchezo wa karata wa mtu mmoja, na watu wazima maofisini walijizoeza kwa mchezo huo kukamata kitu kwa kipanya, kukiburura na kukiachia mahali pake. Mtoto akicheza karata wiki moja, mkono wake umeshalainika, naye hakujua kama alikuwa darasani. Kwani nyinyi hamchezi barazani baada ya laasiri?

Mwingine atanijia na habari ya India. Kweli, mwaka 1999 mtafiti Sugata Mitra alitia kompyuta ukutani kule New Delhi, watoto wa mtaa wakajifunza wenyewe. Ataniuliza, basi mwalimu wa nini? Lakini tazameni ni mikono ya nani iliyokuwa pale ukutani: ya watoto. Ndilo nilisemalo tangu nilipoingia. Tena wale walikuwa na kutwa nzima, kesho na keshokutwa. Mtoto wangu ana kipindi kimoja kwa wiki, na kiti kimoja wanakalia wawili. Mwalimu anahitajika, ila kwa mdomo wake. Na kidole, akipenda, kwa kuonyesha tu.

Haya, saa imenyanyuliwa pale. Nilikuwa na mambo matano, nitapitisha mawili.

Mtoto akikwambia "programu yangu imepotea", mara nyingi haikupotea. Ameishusha, iko kwenye ule mstari wa chini, imelala. Muulize "umetazama chini?" na unyamaze.

La pili ni kuhifadhi. Kilicho kwenye kioo kiko barazani. Ukihifadhi ndipo umekitia ndani. Umeme ukikatika, cha barazani kimekwenda. Ndugu zetu wa Unguja waliokaa kizani miezi mitatu tangu Disemba 2009 hawahitaji somo hili. Mtoto anapofunga bila kuhifadhi, mashine inamuuliza, tena kwa Kiingereza, na vitufe vitatu mbele yake. Anachagua chochote ili aondokewe na lile swali. Msimgombeze, msomeeni kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kwa hiyo mtu asinambie lugha yetu haina maneno. Ya kuandika kwa vidole kumi na ya intaneti mtanialika tena.

Lakini msiondoke. Ukutani kule zipo kompyuta tatu, nimeziwasha kabla hamjaingia, na vitufe vyekundu mtaviona. Watoto wasogeze viti vyao kando ya kompyuta. Wanaokwenda ni wazazi na walimu, na kila mmoja atafundishwa na mtoto. Nyinyi watoto, sheria mmeisikia: mikono chini ya mapaja.

Mzee wangu wa kofia, anza wewe. Fungua zile karata. Hapana, mwanangu, usimshikie! Mwache abofye.