Sentimita Tatu Nyuma ya Koo

Mbukwenyi! Ahsanteni. Naona huko nyuma kuna waliotoka zamu ya usiku. Mkisinzia nitawasamehe, mkikoroma sitawasamehe.

Nianze na mlenda. Mchana huu wengi wenu mmemega ugali wa uwele, mkachovya, tonge likateleza, habari ikaishia hapo. Lakini tonge lilipokuwa linapita, kaakaa laini lilipanda likaziba njia ya pua, zoloto, kisanduku cha sauti, likanyanyuka, njia ya hewa ikafungwa, pumzi ikasimama kidogo, umio ukafunguka. Anayepanga zamu hizo ni medula, kipande cha chini cha shina la ubongo, chenye urefu wa kama sentimita 3 tu. Leo nataka nusu yake ya juu, pale mfereji mwembamba unaotoka kwenye uti wa mgongo unapopanuka kuwa ventrikali ya nne, chumba cha maji ndani ya ubongo.

Kwa mbele, katikati, kuna piramidi mbili: mafungu ya nyuzi zinazoshusha amri kwa mikono na miguu. Nyingi zitavuka upande wa pili, lakini chini zaidi, si hapa. Ubavuni mwa kila piramidi pana kivimbe mfano wa zeituni, na ndilo jina lake. Ndani ya zeituni mna kiini, yaani kundi la seli, kilichojikunjakunja, kinachopeleka nyuzi kwenye serebela, ubongo mdogo wa nyuma, ya upande wa pili ili mwendo uliokosewa urekebishwe. Neva ya 12, ya ulimi, huchomoza kati ya piramidi na zeituni. Ya 9 na ya 10 huchomoza nyuma ya zeituni. Hayo mchoro wowote utawaonyesha.

Mimi napenda nyuma ya zeituni, pembeni. Pale wapangaji wamebanana kuliko vyumba vya Majengo. Yupo anayeendesha misuli ya koo na sauti, kiini ambigua. Yupo anayepokea maumivu na joto la uso wa upande uleule. Jirani yake inapita njia ya maumivu na joto la mwili, ambayo yenyewe ilishavuka huko kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo imebeba habari za upande wa pili. Wapo wa mizani ya mwili, zipo nyuzi ziendazo serebela, na zipo za simpathetiki, mfumo usiosubiri amri yako, zinazoshuka kwenda kuinua kope na kupanua mboni ya jicho. Nyumba nzima inategemea bomba moja, ateri ya vetebra, mshipa wa damu unaopanda shingoni, au tawi lake.

Sasa bomba lizibe. Niliwahi kumwona mzee mmoja, mfugaji, aliyeamka na kizunguzungu, kutapika na kwikwi isiyokoma. Alikoanzia walimwambia anyanyue mikono, akanyanyua yote miwili. Wakasema basi, si kiharusi, wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Aliponifikia sauti ilikuwa imekauka, kope ya kushoto imelegea, mboni ya kushoto ndogo, na akitembea anaangukia kushoto. Mwenyewe alilalamikia jambo moja tu: maji ya kuoga yanaunguza mguu wa kushoto, ila wa kulia hausikii moto. Usoni ilikuwa kinyume, kushoto ndiko kulikokufa ganzi. Wenzangu, mgonjwa huyo ameshawachorea ramani! Tatizo liko kushoto, pembeni, katika nusu ya juu ya medula. Na mikono ilinyanyuka kwa sababu piramidi ziko mbele katikati, zinapata damu kwa matawi mengine.

Mjerumani Adolf Wallenberg alieleza hali hii mwaka 1895, bila mashine ya kupiga picha ya ubongo, akataja na mahali palipoharibika. Mgonjwa alipofariki, maiti ilipasuliwa na pakakutwa palepale; matokeo aliyatangaza mwaka 1901. Mimi hilo linanitia aibu kila ninaposikia daktari akisema hawezi kuanza kufikiri hadi picha ya CT irudi.

Na ninyi watu wa zabibu wa Dodoma, hili lenu. Karibu na kiini ambigua kuna seli zinazopiga mdundo wa pumzi, zilizotangazwa mwaka 1991. Zinaitwa pri-Bötzinger, na zimekaa jirani, chini kidogo ya kundi la Bötzinger, lililopewa jina la divai ya Kijerumani iliyokuwa mezani kwenye mkutano wa wanasayansi. Ingekuwa mkutano ule umefanyikia hapa, leo tungepumua kwa hisani ya divai yetu ya Makutupora.

Naona mkono. Ndiyo, dada... Anauliza mzee yule alikulaje. Swali zuri, maana ndugu zake walikuwa wameshafika na chupa ya chai, na chai ndiyo ingemuua: kimiminika chepesi kinakimbia kuliko koo lililopooza, mtu anapaliwa, mapafu yanapata nimonia. Tulimpitishia mpira puani majuma kadhaa, huku tukimjaribu kwa kijiko. Maji yakawa bado yanampalia. Tonge la kwanza lililoshuka salama lilikuwa la mlenda, mzito, kijiko kisichojaa, kidevu kimeinamishwa kifuani. Akatikisa kichwa akasema chumvi haitoshi.