Kabla ya Kidonge, Niambie Unalala Saa Ngapi

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, habari za jioni. Nimepewa mada ya dawa za ADHD kwa watu wazima: mtu akili haitulii, anasahau, anakurupuka, na kaanza hivyo tangu utotoni. Kama tatizo limekuanza mwaka jana baada ya kufiwa, njoo tuongee, ila dawa zake si hizi.

Kundi la kwanza ni vichangamshi: methilfenideti na jamii ya amfetamini. Mtu ataniuliza, huyu tayari hatulii, unamchangamsha tena wa nini? Kinachochangamshwa ni breki, si injini. Dawa hizi huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali za kupeleka ujumbe, kwenye sehemu za ubongo zinazomzuia mtu asirukie kila kitu. Methilfenideti ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia wa Uswisi, Leandro Panizzon, na jina lake la biashara, Ritalin, linatokana na mkewe, Rita. Wengine wanayapa majengo majina ya wake zao, yeye akakipa kidonge.

Sasa nije kwa kijana mmoja mvuvi wa dagaa. Dada yake alimletea kopo kutoka ng'ambo, limeandikwa "kimoja kila asubuhi." Asubuhi ya nani? Yeye anaingia ziwani saa 12 jioni, anawasha taa, alfajiri yuko soko la samaki la Mwaloni anauza. Vile vilikuwa vidonge vya kutoa dawa polepole, vinavyofanya kazi kwa muda wa saa 8 hadi 12. Akimeza akitoka sokoni, anakodoa macho mchana kutwa, na usiku dawa imekwisha, yuko majini na kamba mkononi. Vipo vya muda mfupi, saa 3 au 4 tu, lakini navyo vinataka ratiba. Na vyote vinaweza kukata hamu ya kula, kupandisha presha na kuongeza mapigo ya moyo. Kijana hajawahi kupimwa presha hata siku moja! Hapo nilimfokea, nakiri.

Kundi la pili si vichangamshi. Atomoksetini inamezwa kila siku na haikatiki jioni, ila inataka wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Wengi wanaiacha siku ya kumi, kichefuchefu wamekipata na faida bado. Bupropioni, dawa ya sonona, hutumika pia, japo ushahidi wake ni mdogo zaidi. Mwenye kifafa asiiguse.

Msitarajie kukuta methilfenideti kila duka la dawa. Iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, na kamati ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, tena 2021. Mimi naona walikosea.

Mzee pale nyuma anasema, "Si mirungi tu hiyo?" Undugu upo, mzee wangu, kathinoni, kemikali iliyomo kwenye mirungi, inafanana na amfetamini. Lakini kwenye fungu la mirungi nani kakupimia miligramu? Na hapa kwetu Tanzania mirungi ni kosa la jinai.

Yule kijana hakutoka na dawa siku ile. Tulipima presha, nikamwachisha lile kopo, tukachukua kalenda ya ukutani tukapiga mistari: usiku wa giza anavua, usiku wa mbalamwezi analala nyumbani. Miligramu tulizizungumza aliporudi.