Zibomolewe au Zikarabatiwe? Nyumba Tupu za Liverpool

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia Toxteth, jijini Liverpool, ambako kwa miaka mingi mitaa mizima ilikuwa na nyumba zilizozibwa madirisha. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kufufua soko la nyumba katika maeneo tisa ya kaskazini na kati ya England, na sehemu kubwa ya dawa yake ilikuwa kubomoa.

IDI: Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, dada Zuhura. Miaka ya 1930 jiji lilikuwa na wakazi zaidi ya 800,000. Kufikia 2001 walikuwa wamebaki takriban 440,000. Kazi za bandarini na viwandani zilipopungua, watu waliondoka na nyumba zikabaki.

ZUHURA: Hilo nalikubali. Lakini tazama yanayofuata mtaa ukishatangazwa kuwa utavunjwa: benki hazikopeshi, mwenye nyumba haoni sababu ya kuziba paa linalovuja, wapangaji wanahamishwa, wezi wa mabomba ya shaba wanaingia, na baada ya miaka kadhaa anakuja mkaguzi kuandika kwamba nyumba haifai kukaliwa. Uchakavu wa namna hiyo huletwa na tangazo lenyewe kuliko umri wa matofali.

IDI: Na mpango ulipokatizwa mwaka 2011, waliokuwa bado wanaishi humo waliachwa katikati ya magofu. Mitaa ya Welsh Streets, humo humo Toxteth, alikozaliwa Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles, ilinusurika mwaka 2015 baada ya waziri Eric Pickles kukataa mpango wa kuibomoa. Baadaye kampuni ya Placefirst iliikarabati, na baadhi ya nyumba zikaunganishwa mbili kuwa moja. Basi hoja ya waliotaka kubomoa, kwamba nyumba hizo zilikuwa finyu mno, ikapata jibu lake bila tingatinga.

ZUHURA: Mimi huvutiwa zaidi na majirani zao wa Granby. Wakazi wachache waliobaki walifagia barabara wenyewe, wakapanda maua, wakapaka rangi kuta za nyumba tupu na kuanzisha soko la mtaani, kisha mwaka 2011 wakaunda amana ya ardhi ya jamii, yaani chombo cha wakazi cha kumiliki ardhi kwa pamoja, ili nyumba ziwe mikononi mwao. Kundi la wasanifu liitwalo Assemble lilikarabati nao nyumba za Cairns Street, likatunukiwa Tuzo ya Turner mwaka 2015. Hiyo ni tuzo ya sanaa, jambo lililowashangaza wengi.

IDI: Hata hivyo, si kila nyumba iliweza kurudishwa. Mbili zilizokuwa zimeharibika vibaya ndani ziligeuzwa bustani yenye paa la kioo, iliyofunguliwa mwaka 2019.

ZUHURA: Kuna pia suala la kodi, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Nchini humo ukarabati kwa kawaida hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ilhali ujenzi wa nyumba mpya hutozwa asilimia sifuri. Kiwango hushuka hadi asilimia 5 iwapo nyumba imekaa tupu kwa miaka miwili au zaidi.

IDI: Kwa hiyo anayetaka kuitengeneza mapema, kabla mvua haijaozesha sakafu, ndiye anayelipa zaidi.