Jengo Refu Tulitazame Kutoka Chini

Nashukuru kwa mwaliko. Kabla sijasema lolote, tuitazame kwanza picha hii ukutani. Mnaijua aina yake: mnara wa ofisi unaopendekezwa kujengwa katikati ya jiji, umechomoza juu ya mapaa ya majirani, jua limeupiga ubavuni, na angani hakuna hata wingu. Sasa niambieni, aliyepiga picha hii amesimama wapi?

(Kicheko.)

Hajasimama popote. Yuko hewani kama mwewe. Ukiwatoa mwewe na rubani, hakuna mkazi wa jiji atakayewahi kuliona jengo akiwa pale, na bado ni kwa picha kama hii watu huombwa waunge mkono au wapinge. Nimekaa vikao vingi vya namna hiyo. Mjadala huanzia kwenye urefu na kuishia kwenye urefu: huyu anasema ni fahari ya jiji, yule anasema ni majivuno. Mimi urefu haunikoseshi usingizi. Mnara naupima kwa miguu yake, pale unapokutana na barabara, kwa sababu hapo ndipo wanapopita wengi ambao hawatapanda juu hata siku moja.

Tuanze na lifti, maana bila lifti tusingekuwa na mhadhara leo. Mwaka 1854, kwenye maonyesho mjini New York, Elisha Otis alipanda jukwaa la kuinulia mizigo, akavutwa juu ya vichwa vya watazamaji, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likanasa. Alikuwa amefunga springi iliyobanwa na uzito wa jukwaa lenyewe likiwa linaning'inia kwenye kamba. Kamba ikilegea, springi inafunguka na kung'ata meno ya reli za pembeni. Kabla ya hapo ghorofa za juu zilikuwa za bei ya chini, kwa kuwa nani alitaka kupanda ngazi zote zile? Baada ya lifti kuaminika, mambo yaligeuka, na wenye fedha wakahamia juu.

Jambo la pili lilikuwa chuma. Jengo la Home Insurance la Chicago, lililosanifiwa na William Le Baron Jenney na kukamilika mwaka 1885, lilikuwa na ghorofa 10 tu, lakini sehemu kubwa ya uzito wake ilibebwa na fremu ya chuma badala ya kuta. Mtakaotaka kuona tofauti, nendeni kwenye jengo la Monadnock, Chicago hiyohiyo. Sehemu yake ya kwanza, iliyokamilika mwaka 1891, inasimama kwa kuta za matofali, ghorofa 16, na kule chini ukuta una unene wa karibu mita 1.8. Kwa njia hiyo, ukiendelea kupanda, ghorofa ya chini itabaki ukuta mtupu.

Fremu iliondoa tatizo la ukuta, lakini lifti ilileta la kwake. Lifti inayokwenda ghorofa ya 50 lazima ipite katika ghorofa 49 zilizo chini yake, na katika kila moja inakula nafasi isiyolipiwa kodi ya pango. Minara pacha ya World Trade Center ilitumia mtindo wa basi la moja kwa moja na basi la vituo: lifti kubwa ziliwapeleka watu hadi ghorofa ya 44 au ya 78, na pale wakabadilisha. Hiyo ni akili nzuri. Njia ya mkato, ambayo mwendelezaji yeyote, yaani mwenye mradi wa kujenga, huiona bila kufundishwa, ni kupunguza lifti.

Niliwahi kufanya kazi kwenye jengo la ghorofa ishirini na kitu, nisilitaje. Kwenye mchoro lifti zilikuwa 4, kazini zilikuwa 2. Ikifika saa 2 kasorobo asubuhi, foleni imetoka mlangoni na kuziba njia ya waenda kwa miguu, mpaka wapita njia wakawa wanashuka barabarani kwenye magari. Kulikuwa na mama mmoja wa uhasibu. Alikuwa anavua viatu vyake vya kisigino, anavishika mkononi, anaanza ngazi hadi ghorofa ya 11. Tulimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili tukagundua kuwa akifika huwa ana muda wa kunywa chai yake yote kabla sisi hatujaingia.

Nikirudi nje: kivuli. Mwaka 1915 lilikamilika jengo la Equitable mjini New York, ghorofa 38, limepanda wima kutoka ukingo wa kiwanja bila kurudi nyuma hata kidogo. Majirani walijikuta kwenye giza la mchana, ofisi zao zikashuka thamani. Mwaka uliofuata, 1916, jiji lilipitisha kanuni kwamba jengo lipandavyo lipungue, lirudi nyuma ngazi kwa ngazi ili mwanga ufike barabarani. Ile sura ya ngazi mnayoiona kwenye minara ya New York ya miaka ya 1920, ambayo wengi hudhani ni urembo wa zama zake, ilianzia kwenye malalamiko ya majirani.

Upepo unahitaji muda zaidi, kwa sababu hauonekani kwenye mchoro hata kidogo. Upepo wa juu huenda kasi kuliko wa chini. Ukiukinga kwa ukuta mrefu na bapa, sehemu yake hupaa, sehemu huzunguka pembeni, na sehemu nyingine huteremka na uso wa jengo hadi chini, na kasi yake yote ya huko juu, kisha hukimbilia kwenye kona. Ndiyo maana unaweza kutembea barabara nzima kwa utulivu, ukafika kona moja tu ukapokonywa mwavuli. Mjini Leeds, Uingereza, Bridgewater Place ilikamilika mwaka 2007 ikiwa na ghorofa 32. Mwaka 2011 upepo kando yake ulipindua lori, likamwangukia mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu, akafa. Baadaye barabara ikawa inafungwa upepo ukizidi, na hatimaye zikajengwa ngao kubwa juu ya barabara ili kuuvunja. Ghorofa 32! Kwa vipimo vya dunia ya leo hilo ni jengo la kawaida kabisa.

Na jua nalo. Mnara wa 20 Fenchurch Street, London, una uso wa vioo uliobonyea ndani kama kijiko. Mwaka 2013, ukiwa bado unajengwa, ulikusanya miale na kuimwaga kwenye barabara ya jirani kiasi cha kuyeyusha plastiki ya gari lililoegeshwa. Mwandishi wa habari mmoja akaleta kikaango, akakaanga yai palepale kando ya barabara. Ikabidi mwaka uliofuata waufunge vizuizi vya jua. Kinachonishangaza ni kwamba msanifu, Rafael Viñoly, alikuwa amesanifu hoteli Las Vegas, Vdara, iliyokwisha kuwachoma wageni kando ya bwawa kwa mtindo huohuo.

Mwendelezaji akiona watu wamenuna, huleta ahadi ya uwanja wa wazi kwa umma. New York iliiweka kwenye kanuni mwaka 1961: acha uwanja chini, upewe nafasi zaidi ya kujenga juu. Nafasi za juu zilijengwa zote, hilo msiwe na shaka. Viwanja vingi vya chini vikawa sakafu tupu, vingine vimewekewa vyuma vyenye ncha kwenye kingo ili mtu asikae. William H. Whyte, mtafiti wa maisha ya mijini, alivichunguza kwa kamera katika miaka ya 1970, akagundua kwamba watu huketi pale palipo na mahali pa kuketi. Mnacheka, lakini ilibidi mtu apige filamu ndipo waandishi wa kanuni wakubali kudai viti.

Suala la wapangaji nitaligusa kwa haraka. Mnara hupendekezwa wakati uchumi umenona na hufunguliwa wakati Mungu apendapo. Mnara wa Empire State wa New York, ghorofa 102, ulijengwa kwa takriban miezi 13 na kufunguliwa Mei 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Ulikaa miaka bila wapangaji wa kutosha, watu wakautania kwa kuuita “Empty State”, yaani jengo tupu, wakicheza na jina lake. Siku hizi, ambapo wengi walijifunza mwaka 2020 kufanyia kazi sebuleni, swali la nani atapanga ni la kuulizwa kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo, mbele ya pendekezo lolote, mimi huomba picha ya pili. Ipigwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, saa 2 asubuhi, kivuli kikiwa kirefu na watu wanaingia kazini. Na iambatane na matokeo ya jaribio la upepo kwa mfano mdogo wa jengo pamoja na majirani zake wote.

Mara ya mwisho nilipoiomba, waliniletea baada ya wiki 3. Ilikuwa picha ileile ya mwewe, ila safari hii mwewe alikuwa ameshuka kidogo.