Kijiti Kilichopita Mikono Mingi: Safari ya Betri ya Lithiamu

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa, asanteni kwa kunikaribisha.

Tumezoea kuambiwa kwamba vyuo vikuu hugundua na kampuni huuza. Mimi sikubaliani na maelezo hayo, na ushahidi wangu mnao mifukoni sasa hivi: betri ya simu.

Betri hiyo haikuanzia chuoni, ilianzia kwenye kampuni ya mafuta. Miaka ya 1970, dunia ikihofia kuadimika kwa mafuta, Exxon ilimpa Stanley Whittingham maabara na muda. Akatengeneza betri ya lithiamu ya volti mbili na ushei. Ilifanya kazi, ila lithiamu tupu huota miiba ndani ya betri, na miiba hiyo huleta moto. Baadaye kampuni ikaachana na kazi hiyo.

Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake wa Oxford walibadilisha upande mmoja tu wa betri. Wakaweka oksidi ya kobalti, volti zikafika nne. Chuo hakikuona haja ya kuchukua hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi, lakini makala ilichapishwa na kila mtu akaweza kuisoma.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo ninapopapenda zaidi. Akira Yoshino, mtafiti wa kampuni ya Asahi Kasei huko Japani, alikuwa akihangaika na upande ule mwingine. Aliposoma makala ya Goodenough, akapata nusu aliyoikosa. Kufikia mwaka 1985 alikuwa ameiondoa lithiamu tupu na kuweka kaboni inayotokana na mabaki ya mafuta. Kisha akafanya jambo ambalo maabara nyingi za vyuo zisingeliweza: alipeleka betri kwenye uwanja wa majaribio ya milipuko, akaziangushia kipande cha chuma. Yenye lithiamu tupu ikawaka. Yake haikuwaka. Mwaka 1991 Sony ikaingiza sokoni betri za aina hiyo.

Mnaona kijiti kilivyozunguka? Kampuni, chuo, halafu kampuni tena, kwa karibu miaka 20.

Ndiyo maana naumia mtafiti anapokatazwa kuchapisha hadi hataza ipatikane, wakati hakuna ajuaye bado kitu chenyewe kitafaa nini. Sisemi hataza ni mbaya. Chuo Kikuu cha Stanford kilipata hataza mwaka 1980 kwa mbinu ya Stanley Cohen na Herbert Boyer ya kuunganisha jeni, lakini hakikuifungia kwa kampuni moja. Kilitoa leseni kwa mamia ya kampuni, na mapato yakapita dola milioni 200.

Mkuu wa chuo akiniuliza aanzie wapi, nitamwomba ampeleke mtafiti wake kiwandani mwaka mzima, akaone chuma kinavyodondoshwa. Na mwenye kiwanda naye amlete mhandisi wake akae maabara, bila kumdai bidhaa.

Sasa nayapokea maswali yenu.